Kidole Kilichopitiwa na Usingizi

Kila asubuhi kabla ya chai nafungua ukurasa wa matokeo ya majaribio ya usiku, yale yanayoikagua programu yetu ya simu wakati tumelala. Yakiwa kijani, nakunywa chai kwa raha zangu. Yakiwa mekundu, chai inapoa. Mwezi wa Machi chai yangu ilipoa karibu wiki tatu, na aliyeipoza alikuwa jaribio moja, lile lile, ambalo nikiliendesha mwenyewe kwenye laptopi yangu linapita mara ishirini mfululizo bila hata kukohoa.

Programu yenyewe ni ya vikoba. Mhazini anaifungua kwenye simu yake ya Android, anaona orodha ya wanachama, anagusa jina, ukurasa wa mwanachama unafunguka, anaandika hisa alizonunua wiki hiyo na alichotoa kwenye mfuko wa jamii, anabonyeza Hifadhi. Basi. Jaribio linafanya hayo hayo bila mtu: linawasha emuleta, yaani simu ya kuigiza inayoishi ndani ya kompyuta, linaingia kwa namba ya siri, linagusa jina la tatu kwenye orodha, linaandika hisa mbili, linahifadhi, kisha linakagua kama jumla imeongezeka. Tunatumia Espresso, zana ya Google inayokaa ndani ya programu na kuibonyeza kama kidole cha mtu.

Na kila lilipoanguka, lilianguka kwa maneno yale yale: sehemu ya kuandika hisa haionekani popote kwenye skrini. Haionekanije? Laptopini kwangu ipo, kwenye simu yangu ya mkononi ipo, kwenye simu ya mama yangu ipo.

Majaribio ya tabia hii mimi huyaita vigeugeu: leo linapita, kesho linaanguka, na hakuna aliyebadilisha hata nukta kwenye msimbo. Si ugonjwa wa maskini peke yao. Mwaka 2016 Google waliandika wazi kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yao yalikuwa na ukigeugeu wa kiwango fulani. Niliposoma hivyo nilifarijika kama dakika tano.

Ofisini kwetu kigeugeu kilikuwa na dawa mbili. Ya kwanza ni kukiendesha tena. "Dada, piga tena, litapita," na kweli linapita, watu wanaendelea na maisha. Ya pili ni kukipa usingizi. Wasiojua: kuna amri inaitwa `Thread.sleep`, unaiandikia milisekunde, jaribio linalala kwa muda huo ndipo linaendelea. Siku moja nilikasirika nikazihesabu zote. Zilikuwa 41. Elfu mbili hapa, elfu tatu pale, na moja ya elfu nane ambayo mtu aliyeshaacha kazi aliiandikia pembeni: "usiguse". Kwenye majaribio ya mguso, mtu ameandika usiguse.

Nikiri na langu: tatu kati ya hizo niliziweka mimi.

Ubaya wa usingizi huu ni kwamba unalaza mahali ambapo pengine hapana shida. Espresso yenyewe inajua kusubiri. Kabla ya kugusa chochote inachungulia foleni ya kazi za uzi mkuu wa programu, ule unaochora skrini na kupokea miguso, na haigusi mpaka foleni iwe tupu. Kama programu yako inasubiri kitu kingine, mtandao kwa mfano, unaisajilia kitu kinachoitwa `IdlingResource`, nacho kinaiambia: ngoja, bado, ngoja, haya sasa. Ukilaza sekunde tatu juu ya hapo, umeongeza sekunde tatu tu. Mahali palipovunjika pamebaki pamevunjika.

Nilianza na washukiwa wa kawaida. Wa kwanza ni mbwembwe za skrini, ule mtelezo wa ukurasa unaingia na mwingine unatoka. Maelekezo ya Espresso yenyewe yanasema zizimwe, na zinazimwa kwa amri tatu za `adb`, zana ya kuiamrisha simu ya Android kutoka kwenye kompyuta:

`adb shell settings put global window_animation_scale 0`
`adb shell settings put global transition_animation_scale 0`
`adb shell settings put global animator_duration_scale 0`

Zilikuwa zimeshazimwa. Mshukiwa akaachiwa.

Wa pili alikuwa kibodi, na huyu nilimkamata na ngozi kabisa. Kwenye laptopi yangu, faili la mipangilio ya emuleta lina mstari `hw.keyboard=yes`, maana yake simu ya kuigiza inajiona imechomekwa kibodi halisi, kwa hiyo ile ya kwenye skrini haipandi. Kwenye seva, mashine ya kazini inayoendesha majaribio ya usiku, mstari huo haukuwepo. Kibodi ilikuwa inapanda na kukifunika kitufe cha Hifadhi, na Espresso inakataa kubonyeza kitu mpaka angalau asilimia 90 ya eneo lake ionekane. Mbona basi si kila siku? Kwa sababu kibodi ni programu nyingine kabisa, ina maisha yake, na Espresso inachunga foleni ya programu yetu tu. Siku kibodi ikichelewa kupanda, mguso unawahi kupita. Siku ikiwahi, mguso unagonga ukuta. Nikaongeza `closeSoftKeyboard()` mstari mmoja kabla ya Hifadhi, nikatuma ujumbe kwenye kundi la kazini wenye alama tatu za mshangao.

Asubuhi yake: nyekundu. Kibodi ilikuwa kosa la kweli, ila lilikuwa kosa la jirani. La kwangu lilikuwa linatokea mapema zaidi, kwenye kugusa jina.

Kabla sijaendelea, kuna kijana mmoja aliniambia niachane na Espresso, niandike hati fupi ya amri inayogusa kwa `adb shell input tap 540 1650`, yaani pikseli ya 540 kulia na ya 1650 chini, nimalize mchezo. Nimeshapita huko. Kitufe chenye urefu wa dp 48 (dp ni kipimo cha Android kinachobadilika kuwa pikseli kulingana na skrini), kiasi ambacho Google inashauri kisipunguzwe ili kidole kisikose, kina pikseli 144 kwenye skrini ya dpi 480, yaani pikseli 480 kwa inchi, na pikseli 126 kwenye ya dpi 420. Badilisha emuleta tu, kidole chako kinaanza kugusa nyumba ya jirani. Mwaka wa kwanza kazini niliwahi kuandika hati ya namna hiyo iliyofuta rekodi badala ya kuihifadhi, usiku kucha, kwa utiifu mkubwa.

Basi nikaamua niuone mguso wenyewe kwa macho. Android ina amri `getevent` inayosoma moja kwa moja kwenye kifaa cha mguso, mahali pa chini kabisa, kabla habari haijapanda kwenye mfumo. Ukibofya kwa kipanya juu ya dirisha la emuleta, mistari inatiririka: kidole kimeshuka, X ni kadhaa, Y ni kadhaa, kidole kimeinuka. Nikaiwasha, nikaendesha jaribio, nikakodoa macho.

Kimya. Hakuna mstari hata mmoja.

Nusu siku iliishia hapo. Nilishaamini kwamba miguso haifiki kabisa, nikaanza kuilaumu emuleta, nikaifuta, nikaiumba upya, nikapakua faili la mfumo wake wa Android upya kwa bando langu mwenyewe. Kumbe miguso ya Espresso haipiti kwenye kifaa cha mguso. Inadungwa juu zaidi, ndani ya mfumo, kama sindano. `getevent` imekaa mlangoni inahesabu wanaoingia, na Espresso imeingilia dirishani. Hata `input tap` nayo hivyo hivyo. Kwa hiyo ukiona kimya kwenye `getevent` wakati wa jaribio, usifute kitu. Kunywa maji kwanza.

Kilichonisaidia ni mpangilio mwingine, `adb shell settings put system pointer_location 1`. Huu unachora msalaba mwembamba mahali kidole kilipo na kuandika namba juu ya skrini, na miguso ya kudungwa unaionyesha pia. Nikauwasha kwenye emuleta ya seva, nikaweka `screenrecord` irekodi. Kwa kawaida ina kikomo cha dakika tatu kwa rekodi moja, na jaribio langu lilihitaji moja na nusu. Nikaenda nyumbani.

Kesho yake nikaitazama video taratibu, fremu kwa fremu. Orodha ya wanachama inatokea. Msalaba unashuka juu ya jina la tatu, katikati kabisa, hakuna kukosea. Jina linabadilika rangi kidogo. Msalaba upo. Bado upo. Kisha, badala ya ukurasa wa mwanachama kufunguka, mstari wa juu unageuka kijivu na kuandika: "1 amechaguliwa", na pembeni yake kikatokea kidude cha kufuta.

Hapo nilicheka peke yangu kama mwehu. Kwenye orodha ile tulikuwa tumeweka njia mbili. Ukigusa jina, unafungua ukurasa. Ukilibonyeza na kulishikilia, unaingia kwenye hali ya kuchagua, uweze kuwachagua wanachama kadhaa na kuwahamisha au kuwafuta. Jaribio liligusa. Programu ilisikia kushikilia.

Nikarudi kwenye logi, yaani maandishi ambayo simu inajiandikia ya kila kinachotokea. Siku zote nilikuwa naichuja kwa jina la programu yetu na makosa yetu tu, kwa hiyo sikuwahi kuona anachosema Espresso. Nikaondoa kichujio, nikatafuta dakika ile ile ya video, nikaukuta mstari huu:

`Overslept and turned a tap into a long press`

Kwa Kiswahili chetu: nimepitiwa na usingizi, mguso ukageuka kuwa kushikilia. Wiki tatu mgonjwa anasema anaumwa wapi, sisi tunazidi kumpa dawa ya usingizi.

Mambo yenyewe yako hivi. Kwa simu, mguso ni habari mbili: kidole kimeshuka, kidole kimeinuka. Kinachoutofautisha mguso na kushikilia ni muda uliopita kati ya hizo mbili. Nilipoiuliza emuleta yetu kwa `adb shell settings get secure long_press_timeout`, ilijibu 400. Milisekunde mia nne, chini ya nusu sekunde. Espresso inatuma habari ya kushuka, inasubiri kidogo sana, kama milisekunde hamsini, kisha inatuma ya kuinuka. Kwenye mashine yenye afya, nafasi iliyobaki ni kubwa, inatosha na kusaza. Lakini mashine ikielemewa, kati ya kushuka na kuinuka uzi mkuu unaweza kukwama. Saa ya mfumo haikwami nayo. Mia nne zikipita, programu inaambiwa kwamba kidole bado kipo chini, mtu huyu anashikilia. Espresso ikizinduka kuinua kidole, imeshachelewa, na kwa uungwana wake inaandika kwenye logi kwamba ilipitiwa.

Ukiangalia vizuri, `Thread.sleep` zote 41 zilikuwa kabla ya mguso au baada yake. Hakuna mahali pa kuiweka katikati ya mguso. Hata ungeongeza dakika nzima, isingesaidia.

Sasa likabaki swali la kwa nini mashine ielemewe usiku, wakati hakuna mtu ofisini. Emuleta kwenye seva inafanya kazi bila dirisha na bila kadi ya picha, kwa hiyo kila kinachochorwa kinachorwa na prosesa yenyewe kwa njia ya SwiftShader. Huo ni mzigo, lakini ni mzigo wa kila siku. Kilichonishangaza ni saa: makosa yote yalitokea muda mfupi baada ya jaribio kuanza, na jaribio linaanza, kwa maandishi ya ratiba, 23:00.

Nikamfuata jamaa anayetunza seva.

"Kaka, saa tano usiku kuna nini kwenye ile mashine?"

"Saa tano? Hakuna kitu, dada. Mimi ya kwangu ni saa nane, ile ya kunakili hifadhidata yote. Si tulikubaliana? Wewe saa tano, mimi saa nane, tusigongane."

Kweli tulikubaliana, tena mbele ya mashahidi. Nikamwomba afungue mashine yenyewe. Yeye ratiba yake ipo kwenye mfumo mama, na huo unafuata saa za Dar es Salaam. Ya kwangu ipo ndani ya kontena, kama chumba cha programu kilichojitenga ndani ya mashine ile ile, na kontena lile hakuna aliyelipangia saa, kwa hiyo linafuata UTC, saa ya kimataifa. Saa 23:00 ya UTC, ongeza tatu, ni 02:00 ya kwetu. Saa nane usiku. Tulikuwa tunaamka pamoja, sekunde ile ile, yeye anabana hifadhidata nzima kwenye faili moja, mimi nawasha simu mbili za kuigiza juu ya prosesa zile zile, halafu namtaka kidole asisinzie.

Siku ambazo jaribio lilipita ni zile ambazo nakala yake ilimaliza mapema.

Tiba ya ratiba ilichukua dakika mbili, na majaribio yakawa kijani. Kwa mtu anayepita hapa akitafuta tiba ya haraka, zipo mbili nyingine. Unaweza kuongeza muda wa kushikilia kwenye emuleta, `adb shell settings put secure long_press_timeout 1500`, ili kidole kikipitiwa kidogo kisihukumiwe. Au kwenye Espresso kuna `click` inayopokea kitendo cha kurudisha nyuma: mguso ukigeuka kushikilia, kwanza inatengua, kwetu ingekuwa kutoka kwenye hali ya kuchagua, halafu inagusa tena. Zote mbili ni halali. Zile 41 nazo nilianza kuzing'oa moja moja. Hadi leo nimebakiza sita, na ile ya "usiguse" ni mojawapo, maana nilipoiondoa jaribio la kupakia picha liligoma.

Nilikuwa na kidole juu ya kitufe cha kutuma ile 1500, nikasita. Kuna kitu kilinirudia.

Miezi miwili nyuma, kwenye makaratasi ya malalamiko, mhazini mmoja wa kikoba cha Buguruni alisema programu "inanigeukia". Hatukumwelewa. Tulimwandikia kwamba asasishe programu, jibu ambalo sasa nikilisoma naona aibu. Jumamosi ile nikapanda daladala nikaenda kwenye mkutano wao.

Wanakaa chini ya turubai pembeni mwa duka la mmoja wao. Sanduku lenye makufuli matatu liko katikati, wenye funguo wamekaa kila mmoja upande wake. Nikamwamkia, shikamoo mama, nikajieleza, akanisogezea kiti cha plastiki.

"Ndiyo wewe uliyeitengeneza? Haya, kaa hapa mwanangu, uone mwenyewe."

Simu yake ni ya zamani, kioo kina ufa kutoka kona hadi kona, na ndani kuna picha na video za wajukuu mpaka hakuna nafasi. Akafungua orodha. Ilichukua muda. Jina la kwanza likaitwa, akaweka kidole gumba juu yake. Na hakukiondoa. Alikibakiza pale, anaitazama skrini, anasubiri aone dalili kwamba simu imesikia, kama mtu anayebonyeza kengele ya mlango na kuendelea kubonyeza mpaka asikie hatua za mtu ndani. Skrini ikageuka kijivu. "1 amechaguliwa."

"Umeona? Imegeuka. Na hapa kuna kitu cha kufuta, mimi naogopa nisije nikamfuta mtu na hela zake."

Simu inayochelewa, kidole kinachongoja. Ilikuwa ile video yangu ya saa nane usiku, kasoro msalaba tu. Nikamwuliza ni mara ngapi inamtokea. Akasema siku simu ikiwa na moto, karibu kila jina.

Jumatatu sikutuma ile 1500. Tuliondoa njia ya kushikilia kwenye orodha yote, na kazi ya kuchagua wanachama wengi tukaiwekea kitufe chake chenye maandishi, "Chagua", juu kulia. Uzuri wa Android ni kwamba ukiondoa kinachosikiliza kushikilia, mtu akishikilia hata sekunde tatu bila kidole kutoka nje ya jina, akiinua tu inahesabiwa mguso wa kawaida. Nikaandika jaribio jipya linalotumia `longClick` kwa makusudi: linashikilia jina la tatu, kisha linadai ukurasa wa mwanachama ufunguke. Na nikaliacha kwa makusudi liendeshwe saa nane usiku, sambamba na nakala ya hifadhidata. Jamaa wa seva alinitazama, akasema, "Dada, tumetoka huko juzi tu."

Toleo jipya lilipotoka nikarudi Buguruni. Mama alikuwa ameshaanza. Jina likaitwa, gumba likashuka, likakaa, likakaa, likainuka, ukurasa ukafunguka. Akaandika hisa tatu, akahifadhi, akaita jina linalofuata.